Chongo, Kengeza na Jicho la Mzungu: Historia Fupi ya Maneno

Waswahili husema, "Ukipenda, chongo huita kengeza." Methali hii tumeisoma tangu shule ya msingi, na maelezo yake hayabadiliki: mapenzi ni upofu. Mwalimu anaandika ubaoni, wanafunzi wananakili, mtihani unapita. Kwa maoni yangu maelezo hayo hayatoshi. Makala hii inakusudia kuonyesha kwa nini, kwa kufuata historia ya maneno yanayotaja macho yasiyoelekea upande mmoja, ya Kiswahili na ya Kiingereza, mpaka yanapotufikia sisi watu wa Mwanza. Njia ni ndefu kidogo. Itapita Roma na Uingereza kabla ya kufika Buzuruga, basi msomaji avumilie.

Tuanze na maneno yenyewe. Mwenye chongo ni mtu ambaye jicho lake moja limekufa. Mwenye kengeza, au makengeza kama tulivyozoea kusema, ana macho yote mawili, ila hayaelekei mahali pamoja: moja linakutazama wewe, la pili limekwenda zake. Kuna na upogo, neno ambalo wengi wetu wa bara hatulitumii. Hilo linabeba maana ya kitu kilichoelemea upande, na aendaye upogoupogo ni yule asiyenyoosha njia. Kwa hiyo lugha ina ngazi. Chongo ni hasara, kengeza ni kasoro. Apendaye humpandisha mpenzi wake ngazi moja: aliyepoteza jicho anatajwa kama mtu ambaye jicho lake limepinda tu. Lakini hathubutu kumwita mzima. Hapo ndipo ninapoona utamu wa methali hii. Mpenzi wake ni mwongo, lakini mwongo mwenye kiasi.

Tena tazama kitenzi: "huita". Angekuwa kipofu, kama walimu wetu wanavyodai, asingehitaji kuita chochote. Huyu ameliona chongo, anajua kuwa ni chongo, kisha akachagua neno jingine kwa hiari yake. Methali inasema juu ya lugha ya apendaye kuliko inavyosema juu ya macho yake. Jina la jicho linatupa habari za uhusiano uliopo kati ya anayeita na anayeitwa.

Wazo hili hili liliandikwa Roma zaidi ya miaka 2000 iliyopita. Mshairi Horace, katika kitabu chake cha kwanza cha mashairi ya kejeli kilichotoka yapata mwaka 35 kabla ya Kristo, anawashauri wasomaji wake wawatendee rafiki zao kama baba anavyomtendea mwanawe. Mtoto mwenye makengeza ya wazi, ambaye watu baki wangemwita strabo, baba yake humwita paetus. Hilo ni neno la jicho lililopinda kidogo tu, na Warumi walilitumia hata kwa Venus, mungu wao wa kike wa mapenzi. Ngazi ile ile! Ila Horace anakwenda hatua moja mbele ya methali yetu. Anasema kwamba tusiyempenda tunamshusha: mtu mpole asiyejikweza tunamwita mzito wa akili, na mtu mwangalifu tunamwita mjanja asiyeaminika. Yaani kama kuna ngazi ya kupandia, ipo na ya kushukia. Sioni haja ya kutafuta nani alimwazima mwenzake, maana baba na watoto wapo kila mahali.

Warumi walikwenda mbali zaidi, wakayafanya majina haya kuwa majina ya ukoo. Yule Horatius anayesifiwa kwa kulinda daraja la Roma aliitwa Cocles, ndiyo kusema Chongo. Strabo ni jina la mwanajiografia aliyesafiri kuufuata Mto Nile mpaka mipaka ya kusini ya Misri. Mto huo chanzo chake ni ziwa hili letu, lakini yeye hakulifika. Strabo pia aliitwa baba yake Pompey Mkuu, aliyekuwa konsuli mwaka 89 kabla ya Kristo. Waliosoma tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Kaizari, iliyotoka 1963 na kusahihishwa 1969, wanakumbuka kuwa Kaizari anauawa chini ya sanamu ya Pompey. Basi mtawala wa dunia alianguka miguuni pa mtoto wa Makengeza. Hakuna Mrumi aliyecheka, kwa sababu jina lilikuwa limekwisha kuzoeleka na lilikuwa na jeshi nyuma yake.

Sasa Uingereza. Kiingereza kimejaliwa maneno mengi kwa jambo hili, na ukiyatazama moja moja utaona kuwa mengi yalitoka mahali pasipo na upole. Neno la kawaida ni "squint". Mzizi wake, "asquint", unaonekana katika maandishi ya karne ya 13, na maana yake ni kutazama kwa upande. Jicho lililopinda kuelekea puani wanaliita "cross-eyed". Lililokwenda nje, kuelekea sikioni, "wall-eyed". Hili la pili halina uhusiano wowote na ukuta ingawa linasikika hivyo. Linatokana na lugha ya kale ya watu wa Skandinavia, na lilitajwa kwa farasi ambaye jicho lake lina weupe kama ukungu. Neno la zizini likahamia kwa binadamu. Na lilipohamia lilimwangukia nani? Katika Titus Andronicus, tamthilia ya Shakespeare ya miaka ya 1590, Lucius analirusha kama tusi kwa Aaron, ambaye ni Mwafrika mweusi, na papo hapo anamwita mtumwa. Hakuna mahali popote katika tamthilia hiyo tunapoambiwa kuwa macho ya Aaron yana kasoro. Neno limekuja kufanya kazi nyingine.

Nitakaa hapa kidogo, maana Aaron ananisumbua. Ni mhalifu, hilo halina ubishi. Anaua na anafurahia. Lakini tendo la mwisho linapomkuta amebeba mtoto wake mchanga, mtoto mweusi ambaye yaya alikuja naye akimlinganisha na shetani, yeye Aaron ndiye peke yake katika tamthilia nzima anayemwita mtoto huyo kwa maneno ya sifa. Anaitetea rangi yake kwa hoja, anataka aishi. Baba wa Horace huyo! Anayempenda anampandisha, asiyempenda anamshusha mpaka zizini, na mtoto ni yule yule mmoja.

Kuna sababu nyingine iliyofanya jicho lililopinda lishukiwe. Mtazamo wa upande ni mtazamo wa hasidi. Kiswahili kinajua jambo hili vizuri: kijicho ni husuda, na kijicho pembe ni kule kumtupia mwenzako jicho la kona alipopata chake. Kilatini nacho kiliunda neno lake la husuda kutokana na kitenzi cha kutazama. Katika King Lear, Goneril na Regan wanapogombania mwanamume mmoja, Goneril anamjibu dada yake kwa kusema kuwa jicho lililomwonyesha hayo lilitazama kombo. Watazamaji wa siku zile walimwelewa mara moja, maana ilikuwa imani yao kwamba wivu hulipindisha jicho zuri. Sasa fikiria mtu aliyezaliwa na misuli ya jicho isiyovutana sawasawa. Kila jicho lina misuli sita ya kuligeuza. Ukizidi mvuto mmoja, jicho linaelekea kando. Huyu hana kijicho na mtu. Lakini uso wake unasomwa na majirani kana kwamba muda wote anamtazama mtu kwa husuda. Kosa ni la msomaji. Sisi wa fasihi tungepaswa kulijua kosa hilo kuliko wengine.

Kwa wanaofanya tafsiri, onyo dogo. Kiingereza cha leo, hasa cha Marekani, kinatumia "squint" kwa maana ya kukunja macho kwa ajili ya jua au kwa kutaka kusoma maandishi madogo. Katika semina moja mwenzetu alituletea tafsiri ya hadithi ya mchunga ng'ombe. Mhusika mkuu alitoka nyumbani akiwa mzima wa macho, alipofika juani akapata makengeza, jioni yakapona. Tulicheka sana, lakini kamusi ndiyo iliyomponza: ukitafuta "squint" unapewa makengeza, basi.

Na kamusi zina historia yake. Kamusi Sanifu ya Kiswahili kwa Kiingereza, iliyotoka 1939 na ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ndiyo hakimu wa lugha hii, ilitungwa chini ya uongozi wa Frederick Johnson, katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoundwa 1930. Johnson alifariki 1937, haikuchapwa machoni pake. Ni Johnson huyo huyo aliyetutafsiria Mashimo ya Mfalme Sulemani mwaka 1929. Waliosoma riwaya hiyo ya Rider Haggard wanamkumbuka Twala, mfalme mwovu aliyemuua ndugu yake akanyakua kiti. Twala ni mtu mkubwa wa kutisha, na ana jicho moja. Mwandishi hakuhitaji kutueleza zaidi. Kwa msomaji wa Kiingereza wa 1885, jicho moja lilikwisha kutoa hukumu kabla Twala hajafungua mdomo, na mfalme halali, Ignosi, anaonyeshwa kuwa mzuri wa umbo kutoka juu mpaka chini. Riwaya hii ilisomwa mashuleni. Mtoto wa Kiafrika alifundishwa kwa Kiswahili safi kwamba mwenye chongo ni wa kuogopwa, na mfasiri ndiye pia aliyekuwa akimpangia maana za maneno. Simshutumu Johnson kwa njama, alifasiri alichokikuta. Ninachosema ni kwamba kamusi inapompa msomaji neno moja la Kiingereza mkabala na neno moja la Kiswahili, inaiacha nje ile ngazi ambayo methali imeihifadhi. Chongo na kengeza vinakuwa kasoro mbili katika orodha. Nani anaita, na anamwitaje, hakuna.

Tumefika Buzuruga. Kwa asiyepajua, ni mtaa wa Mwanza kando ya barabara ya kwenda Musoma, mahali pa abiria, maduka na vumbi. Wamekusanyika humo Wasukuma, Wajita, Wakerewe, Wakurya, Wahaya na wengine, na Kiswahili chao ni cha kukutania. Utani huo haumwachi mtu. Mfupi ni Kisoda, mrefu ni Mlingoti, na mwenye makengeza ni Kengeza tu, au "wee, unamwangalia nani?" Nimekulia hapo, nami nimeshiriki kucheka. Wengine wameyageuza majina hayo kuwa mali yao, kama Warumi. Nimeona bodaboda imeandikwa Kengeza nyuma kwa rangi nyekundu, na mwenyewe akiulizwa anacheka kuliko wote.

Lakini tazama sarufi. Kiswahili hakisemi kwamba mtu ni makengeza. Kinasema ana makengeza, ana chongo; mwenye makengeza, mwenye chongo. Kasoro ni kitu alicho nacho mtu, kama alivyo na kofia au na deni. Mwingereza husema mtu ni "cross-eyed", sifa imemganda mwilini. Nadhani hapa lugha yetu ilikuwa na adabu tangu zamani, bila kufundishwa na semina yoyote. Utani wa mtaani unachofanya ni kuliangusha lile neno dogo "mwenye". Likianguka, mtu anageuka kuwa jicho lake.

Kama jambo hili linaonekana dogo, sisi wa Kanda ya Ziwa tuna sababu ya kuliona kubwa. Tangu miaka ya 1970 Usukumani wameuawa vikongwe wengi, hasa wanawake, kwa kushukiwa uchawi, na alama iliyotajwa mara kwa mara ilikuwa macho mekundu. Macho hayo yalitokana na moshi. Kuni ni haba, bibi amepika miaka hamsini kwa mabua na samadi kavu katika jiko lisilo na dirisha. Kwa mjukuu, yale ni macho ya bibi aliyempikia. Kwa jirani aliyefiwa na mtoto, ni ushahidi. Macho mekundu si makengeza, najua, lakini ndiyo ile ngazi ya kushukia ya Horace ikifika kwenye panga.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na mada. Watu wenye ualbino mara nyingi wana macho yanayotikisika bila hiari yao, na wengi wao wana makengeza pia, kwa kuwa upungufu wa rangi mwilini huathiri namna neva za macho zinavyounganika na ubongo. Wakati wa mauaji yaliyoitikisa Kanda ya Ziwa kuanzia katikati ya miaka ya 2000, nchi ililazimika kulitazama upya neno "zeruzeru". Al-Shaymaa Kwegyir, mwenye ualbino, aliteuliwa kuwa mbunge mwaka 2008. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ilipitishwa 2010. Magazeti na redio zikahama kutoka "zeruzeru" kwenda "mtu mwenye ualbino". Kuna wenzangu wanaodharau mabadiliko ya namna hii. Wanasema ni mtindo wa mashirika, kwamba panga halisomi kamusi. Wana haki kiasi fulani. Neno jipya peke yake halikumlinda mtu. Lakini tazama lililofanyika: "mtu" limerudi, na "mwenye" limerudi. Tumerudishiwa sarufi tuliyokuwa nayo.

Je, na makengeza nayo yabadilishwe? Nimesikia pendekezo kwamba tuseme "mwenye macho yasiyolingana", kwa heshima. Mimi sikubaliani. Makengeza ni neno zuri, la wazi, kila mtu kuanzia Lamu hadi Kigoma analielewa, na halikuzaliwa zizini kama lile la Kiingereza. Tukilitupa, litabaki mtaani kuwa tusi tupu, na hospitalini patakuwa na neno la Kigiriki ambalo mgonjwa halijui.

Maana hospitalini ndiko methali yetu inapoingia mashakani, na hili lisemwe wazi. Mwaka 1839 mjini Berlin daktari Johann Friedrich Dieffenbach alimpasua mtoto wa miaka saba, akakata msuli uliokuwa ukilivuta jicho lake, na jicho likanyooka. Kabla ya hapo makengeza yalikuwa majaliwa. Baada ya hapo yamekuwa kitu kinachotibika, kwa miwani, kwa kufunika jicho zima ili lile vivu lifanye kazi, au kwa upasuaji. Lakini kuna muda wake. Macho yakielekea pande mbili ubongo hupokea picha mbili, na ubongo wa mtoto hutatua mgogoro huo kwa kulinyamazisha jicho moja. Lisipotibiwa kabla ya miaka saba au minane hivi, jicho hilo linaweza kubaki dhaifu maisha yote hata kama halina kidonda. Hapo kengeza linakuwa chongo kwa vitendo. Tena kwa watoto wachache makengeza ndiyo dalili ya mwanzo ya saratani ya ndani ya jicho, retinoblastoma, ambayo ikichelewa huua.

Nyumbani tunasemaje? "Atakua, yatanyooka." "Ni uzuri huo, ndio macho ya mvuto." "Hata baba yake alikuwa hivyo." Hayo ni maneno ya mapenzi, paetus wa Kiswahili, na katika fasihi nimeyasifu kurasa zote hizi. Mama anayemwambia binti yake kuwa macho yake ni ya mvuto anamkinga na mtaa mzima wa Buzuruga, na kinga hiyo anaihitaji kila siku ya shule. Lakini mama huyo huyo akilisadiki jina alilolitoa yeye mwenyewe, miaka saba inapita. Mpenzi wa methali alijua kuwa ni chongo. Alikuwa akiita tu.

Juu ya kilima, Bugando, hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa, mtoto akiletwa na kadi imeandikwa "strabismus", neno hilo ni Strabo yule yule wa Roma, limevaa koti jeupe. Mama haoni kitu humo. Akiambiwa, "Mama, mtoto ana makengeza, na yanatibika, ila tuanze sasa," ameelewa, na swali lake la pili litakuwa ni siku gani arudi.